Mlinzi wa Getini Naye Aagwe



Leo tuzungumze juu ya kifo kisichotangazwa. Hakina turubai, hakina michango, na hakuna anayepewa pole. Ni kifo cha mbwa aliyelinda geti lako miaka kumi na zaidi, au cha paka aliyezaliwa chini ya kitanda chako akazeekea juu ya jokofu.

Tunajua mambo yanavyokwenda. Mbwa akizeeka, miguu ya nyuma ikalegea, akaanza kujisaidia hapo hapo alipolala, mwenye nyumba huanza kumkwepa. Siku moja kijana wa kazi huitwa pembeni, akapewa noti ya elfu kumi na agizo fupi: "Hebu mtoe huyu." Anatolewa vipi, hakuna anayeuliza. Mmoja hutiwa kwenye gunia akaenda kutupwa mbali kama godoro bovu. Mwingine huwekewa sumu ya wadudu ndani ya pande la nyama, na sumu ile haina huruma: mnyama hutetemeka, hutokwa na povu, hukakamaa, na fahamu zake bado anazo. Mwingine huachwa tu nyuma ya banda mpaka aishe mwenyewe. Watoto wakirudi kutoka shule huambiwa: "Simba amekimbia."

Simba hakukimbia. Miaka yote hiyo hakukimbia hata siku moja, na ndiyo maana alifugwa.

Ninalotaka kusema jioni hii ni hili. Anayefuga mnyama ana deni moja la mwisho. Dawa zikishindwa na maumivu yakatawala, amwite daktari wa mifugo aje nyumbani, mnyama apumzishwe mahali anapopajua, na mwenyewe awepo. Asimtume mtu.

Najua yupo anayeguna huko aliko: hayo si mambo ya Wazungu? Basi sikiliza. Mwaka 2009, huko Florida, Marekani, daktari wa mifugo aitwaye Dani McVety alianzisha huduma ya kuwafuata wanyama wagonjwa majumbani mwao, kuwatuliza na kuwapumzisha huko huko. Aliita huduma hiyo Lap of Love, ikaenea majimbo mengi. Kwao hilo lilionekana jambo jipya, kwa sababu watu walishazoea kuwapeleka wanyama wao kliniki. Lakini sisi je? Kwetu, tangu zamani, bwana mifugo ndiye anayekuja. Anakuja na pikipiki yake, na buti zake, na boksi la kuhifadhia chanjo. Ng'ombe akikwama kuzaa saa nane za usiku, anapigiwa simu na anatokea. Hakuna mtu aliyewahi kumpakia ng'ombe kwenye bajaji ampeleke kliniki. Kwa hiyo njia ya kufika nyumbani ipo na imekanyagwa miaka mingi. Tulichokosa ni kumwita kwa ajili ya mbwa na paka.

Na kama kuna mnyama anayehitaji kufuatwa nyumbani, ni huyu wa kwetu. Mbwa wetu wengi hawajawahi kufungwa mkanda wa shingoni wakatembezwa barabarani. Geti ndilo mpaka wa dunia yao. Umchukue mbwa wa namna hiyo, mzee, mwenye maumivu ya nyonga, umsukumize ndani ya gari ambalo dereva mwenyewe hamtaki, umfikishe mahali panaponuka dawa na hofu ya wanyama wengine, halafu ufe moyo ukiona anamng'ata daktari. Paka naye, ukimfungia kwenye tenga, atalia njia nzima. Saa yake ya mwisho utakuwa umeijaza woga usio wa lazima.

Lakini kabla ya kufika huko, daktari aje kwanza kama tabibu. Yapo magonjwa mengi katika mazingira yetu yanayoonekana kuwa mwisho, kumbe yana tiba. Mbwa aliyejaa kupe anaweza kuanguka ghafla: fizi nyeupe, homa kali, hali chakula. Magonjwa ya damu yaletwayo na kupe, yakiwahiwa, hutibika. Upo pia uvimbe wa sehemu za siri unaovuja damu, ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Watu wakiuona husema, "Huyu ana kansa, basi tena." Ni kansa kweli, lakini ni katika zile zinazotibika vizuri kwa sindano za vinkristini zinazotolewa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Usimpumzishe mnyama aliyehitaji dawa ya kupe.

Na usiwe daktari wewe mwenyewe kwa vidonge vya dukani. Kidonge kimoja tu cha panadol kinaweza kumwua paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazomeza sisi tukiumwa mgongo, huchimba vidonda tumboni mwa mbwa na kuharibu figo zake. Mtu anadhani anamtuliza, kumbe anamwongezea.

Hapa nitoe onyo zito. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akawa mkali asivyokuwa, au kinyume chake akawa mnyonge wa ajabu, taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, usimkumbatie. Usimpanue mdomo ukidhani amekwamwa na mfupa. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Watenge watoto, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Haya ninayoyasema leo ya kukaa karibu na kuaga hayamhusu mbwa huyo. Yanamhusu mnyama ambaye daktari amemwona na kujua anachougua.

Sasa, utajuaje kwamba wakati umefika? Hili ndilo swali linalowakosesha watu usingizi. Daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetumia miaka mingi kutibu wanyama wenye kansa, alitoa mwaka 2004 kipimo cha mambo saba. Maumivu, pamoja na kupumua: je, yanadhibitika? Njaa: anakula? Maji: mwili wake una maji ya kutosha? Usafi: anabaki msafi, au analalia uchafu wake? Furaha: bado anaitikia sauti yako, bado anajali nani kaingia? Kutembea: anaweza kuinuka? Na la saba, siku nzuri: ni nyingi kuliko mbaya? Kila jambo unalipa alama kuanzia 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, bado kuna maisha ya kutunzwa. Ikiwa chini ya hapo, ni wakati wa kuzungumza na daktari kwa uwazi.

Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kalenda ya ukutani, ile uliyopewa dukani mwaka mpya, inatosha. Kila jioni weka alama: leo ilikuwa siku njema, au siku mbaya? Mapenzi yana kawaida ya kudanganya. Leo akinyanyua mkia mara moja unasahau siku tano zilizopita hakunyanyua hata kichwa. Kalenda haisahau. Na paka umwangalie kwa makini zaidi, maana ni msiri. Paka mwenye maumivu halii. Huacha kujilamba, manyoya yakashikamana. Huacha kuruka dirishani. Huhamia uvunguni na kukaa huko. Ukimwona hivyo, jua ameshavumilia sana.

Ukiamua, usingoje mpaka awe hajitambui. Chagua siku ambayo bado anakujua, bado anaweza kupokea kipande cha nyama mkononi mwako kama daktari ameruhusu. Watu husema, "Ngoja tuone kesho." Kesho hiyo, kwa mnyama asiyeweza kuinuka, ni usiku mzima wa kulala juu ya mfupa unaouma.

Mpigie daktari simu mapema, umwulize maswali bila kuona haya. La kwanza na la muhimu kuliko yote: utamlaza usingizi kwanza? Inavyotakiwa, mnyama huchomwa sindano ya kutuliza, akapitiwa na usingizi mzito, ndipo ikafuata sindano ya mwisho mshipani, ambayo kwa kawaida ni dawa ya jamii ya nusukaputi, pentobabitali, kwa kipimo kikubwa. Akili huzimika kwanza, kisha pumzi, kisha moyo, yote ndani ya dakika chache. Dawa hiyo haipatikani kila mahali, na daktari wa wilayani anaweza kuwa na nyingine. Zipo zinazosimamisha moyo, na zipo zinazolegeza misuli hadi mnyama ashindwe kuvuta pumzi. Hizo, akichomwa macho makavu, ni mateso matupu. Miongozo ya chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, inayofuatwa na wengi duniani, haikubali potasiamu wala magnesiamu kumwua mnyama ambaye hajapoteza fahamu kwanza. Kwa hiyo wewe uliza. Daktari mzuri atafurahi kwamba umeuliza.

Swali la pili ni bei, pamoja na nauli yake. Malizana naye kwa simu siku moja kabla. Si vizuri kusimama kando ya mnyama wako ukihangaika na namba ya siri na mtandao unaosumbua.

Nani awepo? Hapa tunakosea sana. Tunafikiri mwenye mbwa ni yule aliyemnunua. Lakini jiulize, nani alimpikia ugali na dagaa kila jioni? Nani alikesha naye? Katika nyumba nyingi ni dada wa kazi, au mlinzi wa usiku aliyegawana naye chakula chake na kumwamini kumshtua akisinzia. Mbwa anafahamu vizuri tumbo lake limeshibishwa na nani. Mtu huyu aambiwe mapema, aulizwe kama angependa kuwepo, na asipewe kazi ya kuchimba shimo kabla hajapewa nafasi ya kuaga. Ni uungwana tu.

Siku yenyewe, mtandikie mnyama mahali pake pa siku zote: chini ya mti, barazani, kwenye gunia lake. Funga geti, zima redio, ndiyo, hata sisi tuzime. Daktari atanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele apate mshipa. Wewe kaa upande wa kichwa, uongee naye kwa sauti ile ile ya kila siku. Na ujue mambo haya mapema yasikushtue: macho yatabaki wazi. Anaweza kutokwa na haja. Misuli inaweza kucheza, na hata pumzi moja au mbili kubwa zinaweza kutoka baada ya moyo kusimama. Hazitoki kwa maumivu wala si kwamba amezinduka. Ni mwili tu unaofunga kazi. Daktari atasikiliza moyo, atakwambia, nawe utajua.

Wapo wasikilizaji wetu, hasa wa mwambao, watakaoniuliza: na sisi tusiomgusa mbwa? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na aliyepatwa nayo huosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini kuaga si lazima kukumbatia. Sauti yako anaijua. Kaa hatua mbili kutoka alipo, mwite jina lake, inatosha. Wala huruma kwa mnyama si jambo la kuazima. Katika Hadithi tunasimuliwa juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula, na mtu aliyesamehewa kwa kumtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu, akitumia kiatu chake. Hata anayechinja ameagizwa anoe kisu, asimtese anayechinjwa. Kwa Wakristo, Mithali sura ya 12 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyoijali nafsi ya mnyama wake. Swali la kukatisha uhai wa mnyama asiye na tumaini la kupona, kama linakutatiza, mpelekee sheikh wako au mchungaji wako. Gunia na sumu, hayo hayana haja ya kuulizwa.

Nije kwa watoto. Mtoto akiambiwa mbwa amekimbia, atasimama getini akimwita. Atamtafuta mtaa mzima, na siku atakapojua ukweli, atakuwa amepoteza viwili: mbwa, na imani kwa mzazi. Mwambie kwa maneno mepesi: Simba ni mgonjwa, mwili wake hauwezi kupona, daktari atakuja kumsaidia afe bila maumivu. Usimwambie mdogo kwamba atalazwa tu usingizi, asije akaogopa kulala. Mwache achague kuwepo au kutokuwepo wakati wa sindano. Kwa watoto wetu wengi hiki ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa karibu, na namna watu wazima watakavyokibeba ndiyo watakayoishika.

Halafu maziko. Hapa si suala la hisia peke yake. Dawa ya pentobabitali hubaki ndani ya mzoga kwa muda mrefu, na anayekula mzoga ule naye hufa. Huko Marekani tai wamekufa kwa kula wanyama waliopumzishwa kwa dawa hii na kutupwa dampo. Kwetu ni mbwa wa jirani, ni fisi, ni tumbusi. Kwa hiyo chimba mita moja au zaidi, kimo cha kiuno cha mtu mzima, mbali na kisima na mkondo wa maji. Mfunge kwa kitenge cha zamani au shuka, si kwa mfuko wa plastiki. Fukia, shindilia, weka mawe juu yasifukuliwe. Ukiwa unapanga, huna kipande cha ardhi, mwulize daktari mapema. Kliniki nyingine huwa na tanuri la kuteketezea, au atajua utaratibu wa halmashauri.

Wapi pa kuanzia? Ofisi ya mifugo ya kata yako. Morogoro ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nairobi, Kabete, kipo kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Lamu, ambako punda ndiye aliyejenga mji kwa mgongo wake, kuna hospitali ya punda isiyotoza chochote tangu miaka ya 1980, na hakuna anayeiita anasa. Sheria nazo zipo: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 inayokataza ukatili kwa wanyama. Kumtupa mnyama mzee kwenye gunia si njia ya mkato tu. Ni jambo ambalo nchi zetu zimeshalikataa kwa maandishi.

Na ninyi madaktari mnaotusikiliza, semeni. Kwenye vibao vyenu mmeandika chanjo, kuogesha, kuhasi, kutibu. Ongezeni mstari mmoja kwamba mnafika nyumbani kwa ajili ya siku ya mwisho. Watu wengi hawajui kwamba wanaweza kuwaita, na wengine wanajua ila wanaogopa kuchekwa.

Hiyo ya kuchekwa ndiyo kubwa. Utalia, na jirani atasema, "Ni mbwa tu." Mwache aseme. Yeye hakuwa na zamu usiku ule wezi waliporuka ukuta. Usimjibu, wala usikimbilie kuleta mtoto wa mbwa mwingine keshokutwa ili kuziba pengo. Nyumba ipewe muda.

Kama nyumbani kwako yupo mnyama aliyezeeka, usingoje aanguke ndipo uanze kuulizia. Wiki hii tafuta namba ya daktari wa mifugo aliye karibu, mpigie, umwulize kama hufika nyumbani na kama humlaza mnyama kwanza. Iandike namba hiyo kwenye kalenda ile ile ya ukutani. Kisha mwambie kijana wa kazi, mbele ya watoto wakusikie, kwamba siku ikifika, kazi hiyo haitakuwa yake. Itakuwa yako.